Neno Ambalo Mwanaidi Hakulisoma

Ghalani, Xiaobei, Guangzhou, China
Jumapili

Baba yangu, shikamoo.

Goti linasemaje? Mama ameniambia umerudi jukwaani kupiga lipu kabla halijapona, na ukiulizwa unasema, "Goti la nani?" Mimi ni mzima, ila mgongo. Wiki hii tumejaza makontena mawili, na joto la huku limeshaingia, jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Alhamdulillahi.

Barua hii anakuletea Bi. Salma, mfanyabiashara wa Tanga anayechukua mzigo hapa. Anaruka kesho. Ningepiga simu, lakini kwenye simu sisi wawili hatumalizi sentensi.

Baba, uliniagiza nimwamuru Mwanaidi aache saikolojia achukue kemia, kabla hujatia sahihi fomu ya kuthibitisha masomo aliyoyaanza kidato cha tano. Ulisema ni somo la vichaa, na kwamba mdogo wangu hakupata nafasi katika shule ile ya kimataifa ili ajifunze kukaa na wehu. Nilikubaliana nawe. Jana, mapumziko ya adhuhuri, nikampigia, sauti ya ukali nimeshaiandaa.

Hakunipa nafasi. "Shikamoo, Kaka. Afadhali umepiga. Nina zoezi la saikolojia, natafuta mtu. Unakubali nikujaribu? Ukichoka katikati unaruhusiwa kuacha."

Nikacheka. Miaka sita nabeba mizigo huku, hakuna aliyewahi kuniambia naruhusiwa kuacha. Nikakubali.

Akasoma maneno taratibu: kitanda, shuka, mto, godoro, chandarua, ndoto, kukoroma, miayo, uchovu, na mengine. Shabani, Mzanzibari ninayefunga naye marobota, naye akawa anasikiliza. Kisha tukaambiwa tuandike tunayoyakumbuka. Nikaandika kwenye kipande cha boksi, kwa ile kalamu nene ya kuandikia majina ya wateja, halafu nikamsomea, neno usingizi likiwamo.

"Kaka, usingizi sikuusoma."

"Umeusoma!"

"Kausoma, wallahi!" Shabani akadakia. "Mie nimeusikia kwa masikio yangu haya. Mtoto huyu anatutia ujinga!"

Mwanaidi hakubisha. Alikuwa amejirekodi, akatuwekea rekodi mwanzo hadi mwisho. Neno halikuwamo. Shabani akasema rudia. Halikuwamo. Tukabaki tunalitazama boksi, na usingizi umekaa pale kwa herufi kubwa kuliko maneno yote.

Baba, kwenye joto lile niliingiwa na baridi. Mtoto niliyembeba mgongoni, akiwa huko nyumbani, alinionyesha kitu ndani ya kichwa changu ambacho mimi mwenye kichwa sikukijua. Nikamuuliza ni uchawi gani huu. "Si uchawi, Kaka. Na wala hukusema uongo. Penye pengo, akili hujaza kile ilichokizoea."

Hapo nikamkumbuka Patrice, na kumwamuru Mwanaidi nikasahau.

Sikuwahi kukusimulia habari hii. Patrice ni Mkongo tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Miezi mitatu iliyopita robota la mikoba lilipotea. Laoban, bosi wetu, akauliza nani aliliona mara ya mwisho. Nikaapa mbele ya wote kwamba nilimwona Patrice akiliingiza kwenye lifti asubuhi ile. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa na uhakika. Akafukuzwa siku hiyohiyo. Lakini Patrice aliingiza marobota kwenye lifti kila asubuhi! Asubuhi ile nilimwona kweli, au nilijaza? Sijui, Baba. Na mtu asiyejua haapi.

Leo nimemfuata Shisanhang, kwenye maduka ya nguo za jumla, anakovuta toroli. Nikamweleza yote, hadi lile boksi.

"Weye uliapa mbele ya watu," akasema. "Leo unakuya kuniambia kichwa kilijaza?"

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

"Mdogo wangu wa kike. Anasoma saikolojia."

"Ana miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

Akafunga kamba ya toroli, akaifungua, akaifunga tena. "Watu wazima wote wa ghala ile, hakuna aliyeuliza kama macho yako yanaweza kukosea. Mutoto ndiye ameuliza."

Hakunipa mkono. Alisema niende kwa laoban nikaseme kwa mdomo uleule. Nimekwenda. Laoban amenitukana, amesema nafasi ya Patrice ina mtu, na yangu sasa anaiangalia. Robota hadi leo halijaonekana.

Kwa hiyo Mwanaidi sijamwamuru, na sitamwamuru. Unisamehe. Kemia ni nzuri, sikatai. Lakini mimi niliishia kidato cha pili, na ningeonja somo hili hata wiki moja, Patrice angekuwa ghalani leo.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya mgongo aliyoituma imefika. Nisalimie Shangazi, mkali wa maandazi, na Baba Mdogo fundi baiskeli.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kushika kalamu ya fomu, mwache Mwanaidi akusomee maneno yale. Atakuuliza kwanza kama unakubali, na una ruhusa ya kukataa. Usikatae. Na ukimtajia neno ambalo hakulisoma, usimkemee, Baba. Mwambie akuwekee rekodi. Mimi pia nilikuwa tayari kuapa.

Mwanao,
Rajabu