Wati Mia Tano za Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kaileta pawasaplai yake, kasha la kuipa kompyuta umeme, chumba cha vipimo, kaikumbatia kama kichanga. Miaka mitatu ya jasho lake ndiyo ile. Ikifaulu, kompyuta zote za wodi ya watoto njiti zitaitumia. Mpimaji ni mimi. Meneja kauliza kama undugu hautaniponza. Nikamjibu mashine haina shemeji wala mjomba.

Jumanne, 4 Machi

Nusu mzigo, wati mia mbili na hamsini — safi. Umeme umetulia kama maji mtungini. Nikaongeza. Kwenye wati mia nne volti zikaanza kushuka. Mia nne na ishirini, ikajizima. Na kwenye kasha imeandikwa mia tano!

Nikabadilisha waya. Nikahamia soketi nyingine. Ikajizima palepale.

Sijamwambia kaka. Jioni tumekula wote kwa mama. Kaka mwenyewe ndiye aliyenijazia sahani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia. Nilitegemea hasira, au walau anune. Kavuta kiti. "Hebu iwashe, mdogo wangu. Nataka niione inavyoshindwa."

Tukaitazama. Volti zikashuka, feni ikalalama, kisha — kimya. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Kompyuta iliyounganishwa nayo haikupata hata mkwaruzo. Nimeona za watu wengine zikifa, zinaondoka na kila kitu. Hii ilikuwa kama mtu anayezima taa na kufunga mlango polepole asiamshe waliolala.

Meneja akaja na lake: tupeleke majibu ya nusu mzigo tu, wodini hawatafika wati mia nne.

"Siku wodi ikifurika watafika," kaka kasema. Hakupandisha sauti. Kachukua simu, kampigia daktari mkuu wa wodi. "Imefeli, daktari. Njoo uone mwenyewe."

Nimelala naye chumba kimoja utotoni, tumegombania shuka. Leo nimemtazama kama mgeni mwenye heshima zake.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari yupo. Mama wa makamo, miwani kichwani. Imejizima mbele yake. Meneja kasimama mlangoni, anajifuta shingo. Mimi najifanya naandika vipimo.

Daktari kainama, kaweka kiganja juu ya kasha. Kamuuliza kaka, "Na kama kompyuta inayofuatilia pumzi za mtoto ingekuwa imeunganishwa hapa?"

"Isingeungua. Lakini ingezimika."

Kaondoa miwani kichwani, kaivaa. "Washeni tena."

Kaka ananitazama mimi. Naweka kalamu chini, naenda kuwasha.