Mume Wangu Ananiomba Kamera Ndogo, Nami Nashindwa Kuinunua

Dada mshauri, pokea salamu zangu za heshima, na nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama mwanzoni utaona nimekuja na jambo la kitoto, maana swali langu ni hili tu, mtu akitaka kamera ndogo ya dijitali ya matumizi ya kila siku achague ipi, na swali hilo nimelibeba miezi mitatu bila jibu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mume wangu ni mpiga picha, au niseme alikuwa, maana studio yake ameifunga baada ya miaka ishirini na miwili ya kupiga watu picha za vitambulisho, harusi na mahafali. Mwaka jana kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kulegea, akasema ni uchovu wa kubeba lile likamera lake kubwa, tukapuuza, halafu akaanza kuangusha vikombe, tukaenda hospitali tukarudi, tukaenda tena, mwishowe daktari wa mishipa ya fahamu akatukalisha wote wawili akatueleza taratibu kwamba huu ni ugonjwa unaolegeza misuli, kwake umeanzia mikononi, utaendelea, na dawa ya kuuponya haipo. Mume wangu aliuliza kitu kimoja tu. "Mikono nitakuwa nayo mpaka lini?" Daktari akasema hawezi kumtajia siku.

Wiki moja baadaye, asubuhi tunakunywa chai, akaniambia, "Mama, nimepiga harusi za watu mpaka nimesahau nyumba yangu. Hata jiko letu sina picha yake. Nitafutie kamera ndogo, nyepesi, ya kukaa nayo hapa kila siku, nipige vitu vya humu ndani wakati bado naweza." Nikamwambia twende wote dukani akachague mwenyewe, kwani hizo ndizo kazi zake. Akakataa. Maduka ya kamera yako mtaa uleule wa studio yake, na hataki wenzake wamwone mikono imening'inia. Akasema, "Nenda wewe. Nakuamini."

Nikaenda. Dukani kuna dada mmoja wa miwani, mpole, akanitolea tatu akazipanga juu ya kioo, moja ina lenzi ya kuvuta mbali sana lakini nzito, moja nyembamba kama pochi, kila kitu unagusa kwenye kioo chake, na ya tatu ni ya zamani kidogo, haina mvuto, ila kitufe chake cha kupigia kimejitokeza juu unakisikia kabisa kidoleni. Akaniuliza, "Ni ya nani, nikushauri vizuri?" Nikafungua mdomo niseme ni ya mume wangu ambaye mikono yake inakufa, nikasema ni ya binti yangu, ya shule. Sijui kwa nini. Nikatoka mikono mitupu, wiki iliyofuata nikarudi, nikatoka tena mikono mitupu.

Mara ya tatu nikanunua ile nyembamba, kwa kuwa nilishamwambia ni ya mtoto wa shule na hiyo ndiyo aliyonisifia, na kwa kuwa ilikuwa nzuri nami nilitaka mume wangu apewe kitu kizuri. Aliipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Kidole hakikufika kwenye kioo, akajaribu kugusa kwa kifundo cha kidole, kioo hakikusikia, akajaribu kwa kidole cha mkono wa kushoto, ikateleza ikapiga sakafu ya saruji, lenzi ikabaki nusu nje nusu ndani, hairudi wala haitoki. Akasema, "Si kitu, mama, si kitu." Halafu akaugeukia ukuta, na mimi nikarudi kwenye cherehani nikashona mkono wa shati upande wa ndani nje.

Sasa hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilimwambia nimeipeleka dukani wabadilishe, na kwamba wanasubiri mzigo mpya. Si kweli. Iko kwenye kapu la vitambaa chini ya mabaki ya kaki. Wiki ya sita sasa. Kila siku akimaliza kula ananiuliza, "Mzigo bado?" nami namjibu bado. Wifi yangu, dada yake mkubwa, akija hutuliza dhamiri yangu bila kujua, anasema mgonjwa hanunuliwi vya kuchezea, kwani simu haipigi picha, nami natikisa kichwa kukubali ilhali najua simu ameshaijaribu na kioo chake kinamkataa vilevile. Binti yetu wa miaka kumi na mitatu, Jumapili iliyopita nikiwa natafuta uzi, alinifuata akaniambia, "Mama, nimeiona kwenye kapu," akaenda zake.

Dada, usidhani ni uvivu au ubahili. Mashati yake yote nimeyatoa vifungo nikaweka vya kubandika ili awe anavaa mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Lakini kamera siiwezi. Kila nikiishika ile ya kitufe pale dukani, naona kama namkabidhi mizigo ya safari. Atapiga jiko, atampiga mtoto, atanipiga mimi, atamaliza orodha yake, na akishamaliza atabaki na nini cha kumweka hapa? Akiwa anasubiri mzigo, angalau anasubiri kitu. Na huku tunasubiri, mkono wa kushoto nao umeanza. Juzi kijiko kilimponyoka. Nilikiokota nikajifanya nimekiangusha mimi.

Nisaidie, nichague kamera ipi, na nimwambie nini?

Fundi Cherehani

*

Mdogo wangu Fundi Cherehani,

Barua yako imefika mezani kwangu Jumatatu, na kwa kuwa uliacha namba ya simu nimekutumia jibu hili siku hiyohiyo, kabla halijaenda kiwandani kuchapwa. Ungesubiri gazeti ungepoteza siku nne, na wewe huna siku nne za kutupa.

Pole. Nasema pole mara moja na kwa moyo wote, kwa sababu kinachokukuta si kidogo na mimi sina neno la kukipunguza. Mume wako hatapona. Ningekuambia vinginevyo ningekuwa nakudanganya, na nyumbani kwako uongo umeshajaa.

Sasa tuelewane. Unasema unamweka hai kwa kumsubirisha. Mdogo wangu, ugonjwa haukai kwenye benchi kumsubiri mzigo wa dukani. Kila siku uliyomwambia "bado" umempunguzia siku moja ya vidole. Ulikuwa unajilinda wewe, naye ndiye aliyelipa. Najua inauma kuisoma hiyo, na nimeiandika kwa makusudi. Huyo mtu alikuomba kazi. Hakukuomba ruhusa ya kufa. Mtu aliyepiga picha miaka ishirini na miwili akiomba kamera anaomba kuendelea kuwa yeye, na wewe uliyemshonea mashati upya ulilielewa hilo kwenye shati, ukakataa kulielewa kwenye kamera.

Kuhusu wifi yako, mpe chai, mwache aongee. Kuhusu binti yako, mwombe radhi leo akitoka shule, kwa maneno, usimnunulie kitu. Umembebesha siri ya mtu mzima.

Haya, kamera. Mimi sijui kamera, kwa hiyo nimempigia fundi mmoja anayezitengeneza, nikamsomea barua yako bila kusema ni ya nani. Halafu akasema achana na lenzi ya kuvuta mbali, mtu wa kupiga jikoni kwake anavuta nini. Achana na vioo vya kugusa. Chukua ile yenye kitufe kilichojitokeza, isizidi uzito wa kikombe cha chai kilichojaa, yenye uwezo wa kutuliza picha mkono ukitetemeka, na hakikisha chini ina tundu la kufungia stendi, maana stendi fupi inaweza kufungwa kwenye mkono wa kiti. Kamba ivaliwe shingoni, isiwe ya kiganjani, ili ikimponyoka ibaki kifuani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kitufe cha kamera karibu zote kiko upande wa kulia, na mkono wa kulia ndio umemwishia. Basi aigeuze juu chini. Kitufe kitakuja kushoto, atakibonyeza kwa gumba la kushoto kutokea chini, na picha itageuzwa baadaye. Akasema, "Mwambie huyo mama mume wake analijua hilo. Mpiga picha yeyote analijua. Angemuuliza tu."

Ndilo kosa lako la pili. Hukumuuliza.

Kwa hiyo, fanya hivi. Leo mchana toa ile iliyoharibika kwenye kapu, iweke mapajani mwake, umwambie ukweli wote pamoja na dukani uliposema ni ya mtoto. Usilie kabla hujamaliza kusema, utalia baadaye. Kisha mpigie yule dada wa miwani umwambie kamera ni ya nani, umwombe aje nazo nyumbani mumeo azijaribu, kwa kuwa hataki mtaa ule. Akikataa, mpeleke asubuhi wakati maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa. Yeye achague. Wewe shika mkoba.

Na ukiniandikia tena usiniulize atabaki na nini akimaliza. Hakuna anayemaliza kuipiga picha nyumba yake.

*

Nilidhani yameishia hapo. Wiki ya tatu baada ya jibu langu imekuja barua nyingine, fupi, kwa mwandiko uleule. Ameniruhusu niichape.

"Dada mshauri, nilimwambia siku ileile. Akasema alijua tangu wiki ya pili, alimwomba jirani amshikie simu akaongea na mwenye duka, wanafahamiana, akaambiwa hakuna mzigo wowote unaosubiriwa. Nikamuuliza mbona alikuwa ananiuliza kila siku. Akasema, 'Nilikuwa nakupa nafasi uniambie.' Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Dada wa miwani alikuja nyumbani siku ya pili yake na mfuko. Mume wangu hakuitazama hata moja zaidi ya ile ya kitufe, akaomba ageuziwe juu chini, akabonyeza kwa gumba la kushoto, ikalia. Picha ya kwanza ni miguu yetu sote wanne chini ya meza, ya dada wa miwani ikiwemo. Alipiga siku kumi na moja. Sinki lenye vyombo. Binti akijisuka mbele ya kioo, shingo imepinda. Kaki ikiwa imerundikana. Wifi akiongea. Picha zenyewe nyingi zimepinda, nyingine zina ukungu, na yeye hazimkeri, anasema miaka yote alilipwa kunyoosha.

Siku ya kumi na mbili gumba lilikataa. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Wewe uliniambia hakuna anayemaliza, dada, na ni kweli hakumaliza, alikatizwa, na sijui kama hiyo ni afadhali. Nafikiria zile wiki sita. Zingekuwa siku arobaini na mbili. Nazihesabu nikishona, na hakuna mtu anayeweza kunirudishia, hata yeye aliyenisamehe.

Sasa kamera imefungwa kwenye mkono wa kiti, binti anaishika, baba yake anamwelekeza kwa sauti, kushoto kidogo, inamisha, subiri, kisha anasema 'sasa' naye anabonyeza. Jana nilikuwa naanua nguo, uso umechoka, khanga imenilegea, nikasikia nyuma yangu mume wangu anasema 'sasa.' Nikamwambia mbona hujanisubiri nijiweke sawa. Akasema alikuwa amesubiri."

Mdogo wangu, sina cha kukukemea. Zile siku arobaini na mbili utakaa nazo, na mimi siwezi kukutua. Fanya kazi iliyobaki. Picha zikikaa ndani ya kamera zinaweza kupotea siku moja, kwa hiyo peleka kadi yake ikachapwe kwenye karatasi wiki hii, zilizopinda na zenye ukungu zote, usichague. Zibandike ukutani upande anaolalia, kwa urefu wa macho yake. Mwambie binti aandike nyuma ya kila moja tarehe na nani alisema "sasa." Na kesho usibadili khanga.