Ijumaa za Gatumba

Kinama, Bujumbura
Tarehe 12 Juni

Kwa mama yangu mpenzi, Mwanasiti binti Hamimu,
Ruziba.

Assalaam aleikum, mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limepoa sasa mvua zimekatika. Dada Zaituni na mumewe hawajambo? Yule mtoto wao wa mwisho ameshaanza kusimama? Na baba mkubwa Idi, presha yake imeshuka au bado anakula chumvi kwa siri? Mimi namshukuru Mungu, nakula, nalala, nafanya kazi. Ninachougua ni hamu tu ya kukuona, na hiyo haina dawa famasi.

Utashangaa kupata karatasi wakati nakupigia simu kila Ijumaa. Utashangaa zaidi kuona hapo juu nimeandika Kinama. Sikukosea, mama. Nakuomba usome taratibu mpaka mwisho, na usimpe Zaituni akusomee. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwenye vipande vya magazeti ulivyofungia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa hiyo maneno haya ni ya macho yako kwanza.

Mimi siko Lubumbashi. Sijawahi kufika Lubumbashi hata siku moja.

Unakumbuka mwaka ule baba mkubwa Idi alipokuja na habari ya kunioza binti wa Aboubacar, fundi wa magari. Msichana mzuri, sina neno baya juu yake. Wewe ulishaanza kuweka vitenge kwenye sanduku, na mimi nilikuwa nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikasema nimepata kazi Lubumbashi kwa mfanyabiashara mmoja wa huku kwetu, na kwamba siwezi kuoa kabla sijajipanga. Ulinifungia ndagala na unga wa muhogo, ukanisindikiza mpaka barabarani, ukanisomea dua mikono yote miwili ikiwa kichwani kwangu. Nikapanda bisi. Nikashuka mjini, nikapanda nyingine, nikaishia Kinama. Safari yangu yote ya Lubumbashi ilichukua saa moja na nusu. Tangu hapo ni miaka sita.

Kuhusu simu, nilivuka Uvira nikanunua laini ya Kongo ili uone namba ya huko. Mtandao wake Kinama haufiki. Lazima niende Gatumba, karibu na mpaka, ndipo unashika. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala napanda bisi, nasimama kando ya barabara nimeelekea milima ya Kongo, nakwambia habari za Lubumbashi: joto la huko, bosi mkali, vumbi la migodi. Yote nilikuwa naulizia kwa madereva wa malori. Hata mwaka ule maji ya mto Rusizi yalipoingia barabarani nilivua viatu nikapita, maana nilijua umekaa na simu mapajani unangoja. Kila nikikata simu nageuka kuitazama Ruziba upande wa pili wa ziwa. Siku isiyo na ukungu naona mpaka pwani yenu inavyopinda.

Sababu ya uongo huo nimejaribu kuiandika mara nyingi, nikachana karatasi. Leo naiandika bila kuizungusha. Moyo wangu unapenda wanaume, mama, kama ulivyompenda baba, Mungu amrehemu. Nimekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo, kabla sijajua kuna neno la kuita jambo hilo. Sikufundishwa na mtu wala sikurogwa. Nilifunga Ramadhani tatu nikiomba Mungu aniondolee, nikatoka nikiwa yule yule. Sheria ya nchi unaijua, na maneno ya watu unayajua kuliko mimi. Niliogopa kwamba nikimwoa binti wa watu nitamharibia maisha, na nikikwambia kweli nitakupoteza. Nikachagua kukaa karibu nawe bila wewe kujua.

Kinama nilipokelewa na kijana mmoja aitwaye Hugues. Ndiye aliyenitafutia kazi kwenye karakana ya kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Tuliishi chumba kimoja miaka mitatu, na alikuwa kwangu yule ambaye binti wa Aboubacar angepaswa kuwa. Kwao ni Kinanira, kwenye nyumba zile za kilimani. Baba yake alimfukuza akiwa na miaka kumi na tisa, mama yake akasimama mlangoni asiseme kitu. Hugues alisamehe mambo mengi, ila ule ukimya hakuusamehe. Siku moja nilirudi kazini nikakuta nguo zake hazipo. Majirani walikuwa wameanza kutunong'ona, na yeye alikuwa na woga wa haraka kuliko wangu. Nasikia alivuka mpaka. Sijapata neno lake tangu siku hiyo.

Wiki moja baadaye mama mmoja akagonga mlango, nywele nyeupe, viatu vimejaa tope. Ndiye mama yake, Odette, muuguzi mstaafu. Mumewe alikuwa amefariki, na siku arobaini hazijaisha akaanza kuuliza mtaa kwa mtaa mwanawe yuko wapi. Alikuwa amemkosa kwa wiki moja. Alikaa kwenye kitanda akaniuliza alikuwa anapika nini, alikuwa anacheka na nani, kifua kilikuwa bado kinambana wakati wa kiangazi? Nikamjibu yote. Mpaka leo mimi na yeye tunamngoja mtu mmoja.

Kabla hajaondoka aliniuliza kama kuna vijana wengine kama sisi waliofukuzwa makwao. Nikamwambia wapo wengi. Akasema basi nimwonyeshe mama zao wanakaa wapi, maana yeye amechelewa, na hataki mama mwingine achelewe.

Hivyo ndivyo safari zilivyoanza. Kila Jumapili tunatembea, Kamenge, Musaga, Kanyosha, mara moja mpaka Rumonge. Hatubebi makaratasi wala kipaza sauti, tunaenda kama wageni wa kawaida. Odette anaingia kwa wazazi, anakaa, anachambua nao maharage, anawaeleza yaliyompata. Mimi kazi yangu iko upande wa pili, kwa vijana. Usidhani ni nyepesi. Wengi hawataki kusikia jina la mzazi. Wanasema wale watu wa kawaida wametuona kama uchafu, kwa nini sisi ndio tuwaelewe? Mimi nawaambia kwamba baba aliyemfukuza mwanawe naye halali vizuri, na kwamba kama kila upande utangoja mwenzake aanze, tutazeeka hivyo hivyo.

Anayetuendesha ni Valéry, dereva wa taksi, mlokole, mwenye mke na watoto wanne. Mwanzoni alidhani Odette anaenda kuuguza wagonjwa. Alipojua safari ni za nini, alisimamisha gari katikati ya daraja akasema hawezi kubeba dhambi ya watu wengine. Odette akashuka bila kugombana, akaanza kutembea kwa mguu na jua lile, nami nyuma yake. Valéry alitufuata polepole kwa nyuma kama nusu saa, kisha akafungua mlango. Akasema, "Ingieni. Mi sijaelewa bado, lakini mama mukubwa kama huyu hawezi kutembea na mi niko na gari." Kwenye ile shida ya esansi ya magari alipanga foleni siku mbili ili tufike Rumonge. Mpaka leo anasema hajaelewa bado. Lakini ameshaacha kutushusha.

Nikueleze habari ya mzee mmoja wa Musaga, seremala, anaitwa Népomuscène. Binti yake Danielle alikuwa anapendana na msichana mwenzake, akamfukuza, akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Mara ya kwanza alimtoa Odette nje na kiti akakitupa nyuma yake. Mara ya pili hakufungua. Mara ya tatu alifungua akaendelea kupiga randa mpaka tukaondoka. Mara ya nne alizima redio, akauliza bila kututazama kama huyo mutoto bado anaogopa radi. Hakutaja jina. Nilipompelekea Danielle lile swali, alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Bado hawajaonana, lakini siku hizi mzee anauliza na Danielle anajibu, na sisi tunabeba.

Sasa mama, nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki tatu zilizopita Odette aliitwa Ruziba na jirani yako Khadidja, ambaye kijana wake alipigwa sokoni mwaka jana kwa maneno haya haya. Mimi nilijua tunaenda Ruziba. Kwamba ni uani kwa Khadidja, ukuta mmoja na kwetu, nilijua gari lilipokata kona. Nikamwambia Valéry asimame pale kwenye migomba, nikavuta kofia, nikapandisha kioo nikaacha mwanya mdogo tu. Odette akaingia peke yake.

Mlikuwa wanawake kama kumi, mnachagua ndagala, na ukuta wa Khadidja ni mfupi, kwa hiyo nilisikia. Mmoja alisema watoto wa namna hiyo wafungiwe jiwe watupwe ziwani. Wengine wakacheka. Halafu nikasikia sauti ambayo miaka sita naisikia kwenye simu tu. Uliuliza, "Sasa mukishawafukuza, wakati wa mvua wanalala wapi?" Hakuna aliyecheka tena.

Mkutano ulipoisha ulimsindikiza Odette mpaka kwenye gari. Ulikuja na kifurushi cha ndagala umkabidhi. Ukasimama upande wangu, ukaweka kiganja juu ya paa la gari, juu kabisa ya kichwa changu. Mimi nachomelea bati kila siku, najua unene wake. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kati yetu. Ukamwambia Odette kwa sauti ya chini maneno haya, nayakumbuka moja moja:

"Dada, mi pia niko na mutoto mumoja. Watu wanajua iko Lubumbashi. Kila Ijumaa ananipigia, na nyuma yake nasikia konvwayeri wa bisi anaita, 'Buja, Buja, bado wawili!' Sasa Lubumbashi nako wanaita Buja?"

Odette akakuuliza kwa nini hujamwambia mwanao kwamba unajua.

Ukasema, "Apana. Nikimwambia ataona haya, ataacha kupiga. Na mi ile sauti ndiyo nabaki nayo."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa, mama. Naapa kwa Mungu ulikuwa kwenye kitasa. Valéry alinitazama kwenye kile kioo cha mbele. Mimi niliyekaa kwenye vyumba vya watu nikiwaambia vijana wasiwaogope mama zao, nikamwogopa mama yangu. Ulisimama pale muda wa kumaliza Fatiha mbili. Ukaondoa kiganja. Nilikuona kwa nyuma ukirudi, bega moja chini, kitenge kile cha bluu kimepauka, na sikufungua. Wazazi wengi wametufukuza, lakini hakuna niliyemwona amefanya ubaya wa namna hii. Siku ile mtu aliyefunga mlango ni mimi, si wewe.

Odette hakunigombeza. Alinipa kile kifurushi tu, akasema ni changu. Nilipika siku nne mfululizo, kidogo kidogo, ili kisiishe.

Ijumaa iliyofuata nilikupigia kama kawaida, ukaniuliza habari za Lubumbashi, nikakwambia joto. Ukasema, "Pole mwanangu na joto." Nilikata simu nikakaa kwenye jiwe, na yule konvwayeri wa Gatumba akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Sitaki tena kukudanganya, na sitaki tena unisaidie kukudanganya. Sikuombi ukubali kila kitu leo. Kuna mambo mimi mwenyewe nilichukua miaka ishirini kuyakubali, siwezi kukudai uyamalize kwa barua moja. Naomba unione tu. Nimekonda kidogo, usishtuke, na mkono wa kulia una kovu la moto wa kazini.

Anayekuletea barua hii ni Odette. Najua yuko hapo mkekani na wewe sasa hivi, anajifanya anatazama ziwa. Mimi niko barabarani, pale bisi zinapogeuzia. Valéry nimemwambia arudi mjini, ili nisiwe na gari la kujifungia ndani. Kama moyo wako bado haujawa tayari, mwambie Odette neno moja tu, nami nitapanda bisi nirudi Kinama bila kinyongo, na Ijumaa nitakupigia kwa laini ya hapa hapa nchini. Kama uko tayari, usijisumbue kubadili nguo. Nitasimama mpaka adhana ya magharibi.

Nisalimie Zaituni na watoto wake. Msalimie Mama Khadidja, mwambie nampa pole kwa kijana wake. Baba mkubwa Idi usimwambie kitu bado. Hilo nitalibeba mwenyewe kwa mdomo wangu. Mungu akulinde, akupe umri.

Wasalaam,

Mimi mwanao niliye hapo barabarani,
Karimu