Kizibao changu kimevuka, mimi bado

Shoga, usinipigie, andika tu. Nimekwama mpakani. Mimi! Niliyekuja kuwagawia wakimbizi mablanketi!

Kuna bibi alikuwa anatetemeka kwa homa, mvua inamnyeshea, na mablanketi yameisha. Nikavua kizibao changu cha kazi nikamvalisha. Si unanijua na huruma zangu.

Sasa sikia. Askari wa geti hatazami sura, anahesabu vizibao tu. Vitano viliingia, vitano vitoke. Wenzangu wanne wakatoka, bibi naye akajikokota nyuma yao. "Tano. Funga!"

Funga!! Nikakimbilia getini.

Nikamwambia mimi ni mfanyakazi. "Mama, hapa kila mtu ana hadithi yake. Rudi nyuma."

Mama! Asubuhi huyuhuyu alikuwa ananiita bosi.

Dereva wetu akapiga: "Dada, bibi ninaye garini, anaungua. Niwaambie askari wamekosea?" Akiwaambia, wanamrudisha kwenye tope.

Nimemwambia ampeleke hospitali kwanza.

Geti halifunguliwi tena leo. Kuna mama amenisogezea nusu ya blanketi lake. Ni lile nililompa mimi mwenyewe asubuhi. Shoga, kumbe ni jepesi hivi.