Pale Daraja Lisipotetema

Machi 4

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama anaendeleaje na magoti? Sisi wazima, wapwa zako wanakusalimu.

Vipima mtetemo vya daraja vimefika? Vifunge katikati, kati ya nguzo na nguzo, pale linapocheza zaidi lori likipita. Daraja lililopasuka kwa ndani hutetema taratibu kuliko lilipokuwa zima, kwa hiyo ufa tutaujua kabla haujaonekana. Usivifunge juu ya nguzo, maana hapo hata bovu hutulia. Sitakuja kukagua, nakuamini.

Dada yako

Machi 19

Dada,

Shikamoo. Mama magoti yale yale, mdomo ndio mzima kabisa. Vipima nimevifunga ulivyosema. Mkandarasi anasubiri ripoti yako tu. Ikitoka safi, nami naajiriwa moja kwa moja. Aprili njooni likizo, mama amewakumbuka.

Mdogo wako

Juni 2

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Huku si kwema. Daraja limefungwa. Wakaguzi wamekuta vipima vyote juu ya nguzo, na katikati kuna ufa unaoingia mkono. Ripoti ina saini yangu, kwa hiyo nimesimamishwa kazi.

Nimekukingia kifua. Nimewaambia maelezo yangu ndiyo hayakueleweka. Wewe niambie tu kwamba ulikosea, yaishe.

Dada yako

Juni 9

Dada,

Shikamoo, na pole sana. Nilikosea, nilichanganya. Mungu akulipe kwa kunitetea. Mama hajambo.

Mdogo wako

Juni 20

Jana nilimpigia mama simu. Nikampa pole ya daraja kufungwa, akacheka. Kwake hakuna kilichobadilika, kasema, maana tangu Machi unampeleka kliniki kwa kuzunguka machimboni, mgongo unamuuma njia nzima, na kila akiuliza unamwambia darajani kuna foleni.

Kumbe ulijua. Nimerudi kwa wakaguzi nikawaambia ukweli wote.

Kazi yangu ningekusamehe, nakwambia kweli. Lakini Aprili, siku tunaondoka, ulitusindikiza hadi stendi. Ulimbeba mwanangu mdogo ukamketisha dirishani, ukamfunga vifungo vya sweta. Ulijua basi letu linapita wapi. Ukashuka, ukasimama pembeni, ukatupungia mkono.

Mama wa wapwa zako