Mwezi wa Pili Niliouandika Mbili

Yaya Béa, dada yangu,

Mwanao Divine amefika. Mama jirani uliyemkabidhi alisafiri naye ziwani mpaka Kalemie, nikaenda kumchukua huko. Anakula, ana afya, ila usingizini anakuita. Mama amemshonea nguo kutoka kwenye kitenge chako, na hapa mtaani Katuba wote wanasema amekuwa wewe kabisa.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Kipindupindu ndicho kilichokuua kule Uvira, ulikokimbilia vita vilipoingia Bukavu. Lakini aliyekukalisha Uvira ni mimi.

Unajua nilimtengenezea wakala wa boti ukurasa wa mtandao, wakimbizi wajiandikishe kwa simu. Unajiandikisha leo, unasafiri baada ya siku ishirini, ukurasa wenyewe unapiga hesabu. Nilitaka uwe wa kwanza kuutumia. Majivuno tu. Ulijiandikisha tarehe kumi na nane, mwezi wa pili. Sisi miezi tunaiita kwa namba, kwa hiyo kwenye hesabu ya ukurasa mwezi wa pili niliuandika mbili, bila hata kufikiri. Kumbe JavaScript, lugha ya kompyuta niliyoandikia ukurasa ule, inaanza kuhesabu miezi kwenye sifuri! Wa kwanza ni sifuri, wa pili ni moja. Mbili yangu ikasomwa mwezi wa tatu. Boti yako ilikuwa ya tarehe kumi, mwezi wa tatu. Ukurasa ukakupa tarehe saba, mwezi wa nne.

Ukanipigia: "Djo, bantu ya hapa banasema boti iko karibu kuenda. Weye njo ulisoma ku iniversite ya Kasapa, angalia muzuri." Sikuangalia. Nikakujibu, "Yaya, ungoye tu. Mashini haikosake." Wewe uliyekuwa unanicheka umeme ukikatika, nimeduwaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta: "Unachunga nini? Imekufa!" Siku ile hukucheka. Uliniamini, Yaya, na hilo ndilo linalonila.

Divine anasema mlisimama bandarini mkaitazama ile boti ikipakia. Akakuvuta mkono. Ukamwambia si yetu, yetu ni ya mwezi wa nne, mjomba amehesabu.

Kosa nimelisahihisha. Ilikuwa kutoa moja. Moja tu.

Mama anawaambia wanaokuja kutupa pole kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mimi namwacha Mungu abebe kosa langu. Naona haya.

Pumzika, Yaya. Sikuombi msamaha leo. Divine ananiuliza kila siku kwa nini hamkupanda, nami namdanganya kwamba nafasi zilikwisha. Kesho akitoka shule nitamwambia nani alikosea. Akitaka kuendelea kuniita mjomba, ataniita.

Mdogo wako,
Djo