Alama Nyekundu Chini ya Sufuria

Nengo, Gisenyi

Makomredi wangu wa Karagwe, Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini mgongo wa Baba umetulia na mvua imeyahurumia maharage. Mimi mwili ni mzima. Uso ndio sina pa kuuweka.

Chuo kilinileta huku kujifunza mashine ya leza. Mwale wake hupiga chuma hata chembe yake ikageuka cheche ya gesi inayong'aa. Kila madini huwaka kwa rangi zake, na mashine huzisoma. Mwezi uliopita niliipima sufuria iliyonunuliwa kwa Mama Zawadi, jirani yangu, anayeyeyusha alumini chakavu, akaifanya sufuria na kuwauzia wanawake wanaovusha bidhaa kwenda Goma. Mashine ikaonyesha risasi, madini yenye sumu.

Sikusubiri. Katika mkutano wa Jumamosi wa wanawake hao nilipanda juu ya benchi nikanguruma: "Makomredi! Mpaka lini maskini atalishwa sumu na jirani yake?" Makofi yakalipuka. Mama Zawadi akasema tu, "Mutoto wangu, mi napikia bajukuu bangu mu hizi hizi. We uliniuliza?" Nikamjibu kwamba sayansi haiombi ruhusa. Tangu siku ile hakuna aliyenunua kwake.

Juzi msimamizi wangu akayatazama majibu yangu.

"Bon, ulipiga mara ngapi pahali pamoja?"

"Mara moja."

"Na ile rangi?"

Wanawake hupaka alama nyekundu chini ya sufuria, kila mmoja autambue mzigo wake pale Grande Barrière, kituo cha mpakani. Niliifuta kwa kitambaa, nikapiga palepale. Tukarudia, kila pigo likichimba ndani zaidi. Pigo la kwanza: risasi. La tano: kidogo sana. La ishirini: imetoweka kabisa. Sumu ilikuwa katika rangi, na rangi hakuipaka yeye.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa akichekecha mchanga wa kalibu za kumiminia alumini, hakuinua kichwa.

"Ulinichafua mbele ya batu, donc pole unaniletea hapa kwa nyumba? Apana. Panda tena ile benchi."

Baba, uliniambia sauti yangu hutangulia miguu yangu, nami nikakucheka. Mama, usinitetee kwa majirani.

Msalimieni dada mkubwa, na shangazi anayejisifia msomi wake. Mwambieni apumzike kidogo. Ninaogopa, wazazi wangu, lakini nimekwisha kuomba nafasi ya kusema. Mkutano ni Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, kabla wanawake hawajavuka mpaka.

Binti yenu,
Neema